Jedwali Nililolijaza Kabla ya Kupima

Nilimpa mteja wangu ushauri mbaya, na ubaya wake niliufunika kwa jedwali.

Mteja ni chuo binafsi cha afya kilichoko mkoani. Bodi yake ilitaka tovuti mpya ya kutangazia kozi, ada na tarehe za maombi, ikaniomba kwanza nilinganishe programu za kujengea kurasa, hizi ambazo sisi mafundi tunaziita peji bilda. Walitaka kujua mambo mawili: ipi inatoa kurasa zinazofunguka haraka, na ipi karani wao ataimudu bila kumwita fundi kila mara. Lilikuwa swali zuri, na lilistahili jibu la kweli. Niliwapelekea jedwali lenye programu tatu, alama za kasi, alama za urahisi, na mshindi akiwa amepakwa kijani. Mshindi huyo nilikuwa nimemchagua kabla sijapima chochote. Ilikuwa programu niliyoizoea, leseni yake ya mwaka nilikuwa nimeshailipia kwa ajili ya kazi nyingine, na violezo vyangu vyote vilikuwa humo. Vipimo vilifuata baadaye, na nilivifanya kwa namna ambayo isingemwangusha. Sitaitaja programu hiyo kwa jina, kwa kuwa waliopotoshwa walipotoshwa na mimi.

Kwa asiyeishi na mambo haya, nieleze kwanza kwa nini uchaguzi huu ni mzito. Zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinaendeshwa na WordPress, iliyotoka mwaka 2003. Kwa miaka mingi sehemu yake ya kuandikia ilikuwa ya kuandika maneno na kuweka picha, basi. Aliyetaka safu mbili zikae kando kwa kando, au kitufe chenye rangi ya chuo chake, ilimbidi ajue msimbo. Pengo hilo ndilo lililozaa peji bilda. WPBakery, iliyokuwa ikiitwa Visual Composer, ilikuja mwaka 2011, Divi 2013, Beaver Builder 2014, Elementor 2016. Mtu akawa anaburuta kichwa cha habari, anaburuta picha, na matokeo anayaona papo hapo. Desemba 2018 WordPress yenyewe, kwenye toleo la 5.0, ikaleta kihariri chake cha vipande kinachojulikana kama Gutenberg.

Mimi ni zao la programu hizi. Sikusomea kompyuta, na bila hizo nisingeingia kwenye kazi inayonilisha. Nazishukuru mpaka leo. Ila urahisi wa kuburuta una gharama yake, na gharama hiyo inamwangukia anayefungua ukurasa kwenye simu.

Tazama mstari mmoja tu wa ukurasa wa chuo kile, ule unaosema mwisho wa kupokea maombi ni tarehe fulani. Ukiandikwa kwa mkono unahitaji boksi moja la msimbo. Nilipokuja kuufungua msimbo wa ukurasa wenyewe, nilikuta mstari huo umo ndani ya boksi la sehemu, ndani yake kuna boksi la kuzuia upana, ndani yake la safu, ndani yake la kufungia safu, ndani yake la kifaa, ndani yake la maudhui ya kifaa, ndipo yakaja maneno. Kila boksi simu inalisoma, inalipimia upana, inalipangia mahali. Lighthouse, chombo cha Google cha kupimia kurasa, kwa miaka mingi kilikuwa kikionya ukurasa unapopita nodi 800, yaani maboksi na vipengele vya namna hiyo, na kuuhesabu kuwa na kasoro unapopita 1,400. Juu ya maboksi kuna faili za mitindo na skripti za slaidi, za aikoni, za namba zinazojihesabu zenyewe, ambazo mara nyingi zinapakiwa hata kwenye ukurasa usio na slaidi wala namba. Watengenezaji wanalijua tatizo hili na wamelifanyia kazi. Elementor ilipunguza baadhi ya maboksi kwenye toleo la 3.0 mwaka 2020, na toleo la 3.6 la mwaka 2022 likaleta kontena zinazohitaji tabaka chache zaidi. Kwa hiyo matoleo mawili ya programu moja yanaweza kutofautiana kwa kasi zaidi kuliko programu mbili tofauti. Jedwali langu halikuwa hata na namba za matoleo.

Sasa niseme nilivyopima. Kwa kila programu nilitengeneza ukurasa wa majaribio wenye kichwa cha habari, picha moja niliyokwisha kuipunguza vizuri, na kitufe. Hakuna chuo chenye ukurasa kama huo. Nikazipitisha kurasa zote tatu kwenye PageSpeed Insights, huduma ya Google ya kupimia kasi ya kurasa. Matokeo yake hufungukia upande wa simu. Upande wa kompyuta ni lazima uubofye. Nikaubofya, nikanakili alama za huko. Upande wa kompyuta hukadiria mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde na mashine yenye nguvu zake zote. Upande wa simu hukadiria megabiti 1.6 kwa sekunde, milisekunde 150 kila ombi linapokwenda na kurudi, na prosesa iliyopunguzwa kasi. Kwenye kompyuta programu zote tatu zilipata alama za juu, zikakaribiana, na niliyoipenda ikaongoza kidogo. Kwenye simu ilikuwa ya mwisho. Namba hizo niliziona kwa macho yangu. Sikuzinakili.

Na simu ndiyo ilikuwa kila kitu. Wanaotafuta chuo kile ni vijana waliomaliza kidato cha nne na wazazi wao. Wanafungua tovuti kwa bando walilojiunga asubuhi, kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo iliyojaa picha na sauti za makundi ya WhatsApp. Nilikuwa nayajua haya yote. Familia yangu mwenyewe inatumia intaneti hivyo hivyo. Lakini ofisini kwangu kuna faiba, na ukurasa ulipofunguka pale kwa kufumba na kufumbua nilijiruhusu kuamini kwamba umefunguka.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Tovuti ilipokamilika, ikiwa na bango, slaidi na picha za maabara, ukurasa wa mwanzo ulikuwa na uzito wa megabaiti 4. Hizo ni megabiti 32. Kwa mtandao wa megabiti 1.6 kwa sekunde, kushusha peke yake ni sekunde 20, kabla simu haijaanza kupanga yale maboksi. Google inashauri kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Sehemu kubwa ya uzito ule ilitokana na bango la juu. Karani alikuwa akitengeneza matangazo kwenye Canva na kuyapakua kama faili za PNG. WordPress hujipunguzia yenyewe picha kubwa mno za JPEG, ila PNG huiacha na ukubwa wake. Pia huziandalia picha za kawaida nakala ndogo ndogo ili simu ichukue inayoitosha. Lakini mimi bango nililiweka kama picha ya mandharinyuma, kwa kuwa maneno yanakaa juu yake vizuri, na picha ya mandharinyuma haipati utaratibu huo. Simu yenye skrini ya kiganja ikawa inateremshiwa bango la ukutani.

Kwenye safu ya urahisi nilifanya jambo baya zaidi. Niliipima kwa mikono yangu. Nilijenga ukurasa kwa kila programu, nikatazama ni ipi nimeimaliza haraka, nikaipa alama. Bila shaka niliimaliza haraka ile niliyoitumia kwa miaka. Karani wa usajili, mama wa makamo ambaye kazi yake hasa ni kupokea fomu na kujibu simu, sikumwomba aguse hata moja. Alikuja kuiona programu hiyo siku ya mafunzo, ikiwa imeshalipiwa, vitufe vyote kwa Kiingereza, kwenye kompyuta ya ofisi inayochukua muda mrefu kuifungua tu. Aliandika kila nilichosema kwenye daftari. Nilipomuuliza kama ameelewa, akasema ameelewa.

Yaliyofuata yalitokana na zoea moja ambalo mafundi wengi tunalo. Sehemu ya tarehe za maombi ilionekana vizuri kwenye kompyuta, ila kwenye simu safu zake zilibanana. Badala ya kuirekebisha ikae vizuri kote, niliinakili. Nakala moja nikaiwekea alama ya kufichwa kwenye simu, nyingine nikaificha kwenye kompyuta. Karibu peji bilda zote zina swichi hiyo, na inavutia kwa sababu inamaliza tatizo kwa mibofyo miwili. Kinachofichwa hakiondoki. Simu inazishusha nakala zote mbili, kisha inaonyesha moja. Nilikuwa nimeongeza mzigo, na papo hapo nimemwachia karani tarehe moja iliyoandikwa mahali pawili, bila kumwambia.

Chuo kiliongeza muda wa maombi. Karani akaingia kwenye kompyuta yake, akabadilisha tarehe, akahakikisha kwenye skrini kwamba imebadilika. Kwenye simu, ambako waombaji wote walikuwa wakitazama, ilibaki tarehe ya zamani, iliyokwisha kupita.

Alinipigia.

“Mwanangu, tarehe nimeibadilisha tangu juzi. Mbona wazazi wananipigia wanasema muda umekwisha?”

Nilimwambia awashauri wafute kumbukumbu za kivinjari. Aliponipigia tena nikamwambia ni mtandao. Wakati huo watu walikuwa hawajasahau Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani, kwa hiyo kisingizio cha mtandao kilikuwa chepesi kukubalika. Akakipokea kwa heshima, akaendelea kujibu simu mojamoja. Sikufungua tovuti kwenye simu yangu kutazama. Kufanya hivyo kungechukua muda mfupi kuliko maelezo niliyompa.

Waliopiga simu walisaidiwa. Walioamini walichokisoma, wakafunga simu na kuacha, chuo hakina njia ya kuwahesabu. Huenda wapo vijana waliokosa mwaka wa masomo, au walioomba kwingine kwa shingo upande, kwa sababu ya sehemu niliyoinakili nisipate tabu ya kuipanga upya. Hili ndilo linalonifanya niandike. Kuhusu kasi ningeweza kujitetea kwa namba, lakini kwa hili sina utetezi.

Mkuu wa chuo naye alilalamika kwamba tovuti ni nzito. Hapo nikafanya kosa lingine, na hili nililifanya nikijua. Niliweka programu-jalizi ya kuongeza kasi, nikawasha kipengele kinachozizuia skripti zisianze mpaka mtu aguse skrini. Chombo cha kupimia hakigusi skrini. Kinafungua ukurasa, kinakuta umetulia, kinatoa alama. Alama za simu zikapanda mpaka rangi ya kijani, nikapiga picha ya skrini, nikamtumia mkuu wa chuo, naye akanishukuru. Mwombaji halisi aliyegusa menyu ndiye aliyeziamsha skripti zote kwa pamoja, na mguso wake wa kwanza ukapotea bila jibu. Akigusa tena, menyu inafunguka na kujifunga. Machi 2024 Google iliingiza INP katika vipimo vyake vikuu. Kinatazama muda kati ya mguso na jibu la skrini, na kinataka usizidi milisekunde 200. Ila namba zake hukusanywa kwa watumiaji halisi wa Chrome katika siku 28, na tovuti yenye wageni wachache kama ya chuo kile haionyeshwi takwimu hizo. Nilijua hakuna namba itakayonisuta.

Nilikwenda chuoni kwa shughuli nyingine, ya barua pepe za walimu, nikapita kwa karani kusalimia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Afadhali umekuja. Hebu njoo uone hapa.”

Akatoa simu yake mfukoni na kuifungua tovuti mbele yangu kwa bando lake. Skrini ilikaa nyeupe. Ikatokea nembo. Kikatokea kitufe cha fomu ya maombi, naye akakisogezea kidole. Kabla hajagusa, bango likawa limeshuka, kila kitu kikasukumwa chini, kidole kikaangukia tangazo la ada. Akarudi nyuma, ukurasa ukaanza upya. Hakukasirika. Alikuwa ameshazoea, na wazazi wanaompigia alikuwa amewatafutia njia: anawaambia wasubiri bango lishuke kwanza ndipo waguse. Kisha akateremka mpaka kwenye tarehe, na palepale nikaiona tarehe ya zamani. Nilimwambia kwamba lile halikuwa tatizo la mtandao, na kwamba nilikuwa nimemdanganya. Alinitazama, akaniuliza kama linaweza kurekebishwa kabla hajatoka kazini. Nikalirekebisha nikiwa nimekaa kwenye kiti chake.

Ulinganishi wa kweli nilianza kuufanya baada ya hapo. Nilichukua kurasa halisi za chuo, maneno yaleyale na picha zilezile, nikazijenga kwa programu zote tatu na mara hii pia kwa vipande vya WordPress yenyewe, kwenye seva moja. Nikazipima kwa simu ya karani, kwa bando, kumbukumbu ya kivinjari ikiwa imefutwa ili simu iwe kama ya mgeni wa mara ya kwanza. Vipande vya WordPress viliongoza kwa mbali kwa kasi. Lakini nilipozipunguza picha na kuliondoa bango la mandharinyuma, programu zote zilipata nafuu kubwa, hata ile yangu. Hili ningependa wenzangu walisikie: nusu ya uzito niliokuwa nikiwalaumu watengenezaji niliuleta mimi.

Upande wa urahisi nilimpa karani kazi tatu: kubadilisha tarehe, kuweka picha, kuondoa tangazo lililopitwa na wakati. Nikakaa pembeni bila kusema. Ilikuwa vigumu kunyamaza. Alipenda zaidi programu moja ya kulipia, kwa kuwa unabofya neno lenyewe kwenye ukurasa na kuandika papo hapo. Kwenye vipande alibadilisha tarehe na kuondoa tangazo bila shida, ila alipojaribu kusogeza safu ukurasa ulivurugika. Kwa hiyo iliyo rahisi kwake haikuwa ndiyo iliyo nyepesi kwa mwombaji, na uamuzi haukuwa wangu peke yangu. Tulizungumza yeye, mkuu wa chuo na mimi. Wakachagua vipande, kwa sharti kwamba mpangilio nitaufunga usisogee, jambo ambalo WordPress inaliruhusu, na yeye abaki na maneno na picha tu. Mkuu wa chuo alisikitika kuipoteza slaidi ya majengo. Nadhani bado anaitaka.

Kuhama nako kulinifundisha kitu ambacho jedwali langu lilipaswa kuwa na safu yake. Baadhi ya peji bilda, WPBakery na Divi ya miaka hiyo zikiwamo, huhifadhi mpangilio kwa misimbo mifupi iliyoandikwa ndani ya makala yenyewe. Ukizizima, maneno yako yanabaki yamezongwa na mabano ya mraba kila mahali. Nyingine huacha maneno safi zaidi ila mpangilio unakwenda. Mteja anapouliza ipi ni rahisi, ana haki ya kuambiwa pia ipi ni rahisi kuiacha. Mimi sikuwahi kumwambia yeyote, kwa sababu mteja asiyeweza kuondoka alikuwa mteja wangu wa kudumu.

Kazi ya kuhama sikuitoza. Bodi nimeiandikia barua nikieleza jinsi jedwali la kwanza lilivyopatikana, na kwamba niliziacha alama za upande wa simu, na nikaambatanisha la pili likiwa na matoleo, aina ya simu na jinsi kila kipimo kilivyochukuliwa. Mjumbe mmoja alisema nisipewe kazi nyingine pale, na sikubishana naye.

Jedwali la kwanza, hata hivyo, halikuishia chuoni. Nililituma kwa wateja wengine walioniuliza swali hilohilo, nikibadilisha jina la juu tu. Hao nao nimewaandikia wasilitumie kuchagulia chochote, na kwamba niko tayari kuwapimia upya kwenye simu za wateja wao, mbele ya mtu wao atakayekuwa akiingiza matangazo. Wapo waliojibu kwa ukali, na wana haki. Mmoja alikuwa ameshalipia leseni ya mwaka kwa kufuata ushauri wangu. Fedha yake nimeanza kuirudisha.